Jedwali la Konokono wa Tangini: Uainishaji wa Muda kwa Matumizi ya Nyumba za Molo

Wataalamu wamewapanga konokono kwa kombe, kwa meno, kwa viungo vya uzazi, na siku hizi kwa chembe za urithi. Carl Linnaeus, mwaka 1758, hakujisumbua hivyo. Aliwatia pamoja na minyoo, pweza na karibu kila kiumbe laini kisicho na uti wa mgongo katika kundi moja aliloliita Vermes, kisha akarudi kwenye maua yake. Mipango yote hiyo ina upungufu mmoja: hakuna hata mmoja uliofikiria sebule ya Molo, mita zipatazo 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako tangi la samaki limebanwa kati ya televisheni na dirisha, maji yake yameteremka kutoka kwenye mabati, na usiku wa Julai mwenye nyumba amejifunika blanketi mbili huku konokono akitegemea hita ambayo stima yake imepotea tangu saa mbili.

Uainishaji huu unaziba pengo hilo. Msingi wake ni kwamba konokono wa nyumbani ana magonjwa machache sana ya kwake mwenyewe. Karibu kila kinachomsumbua amekipokea kutoka kwa mkono wa mtu, na kombe lake linaweka kumbukumbu. Anayejua kulisoma atajua kilichofanyika nyumbani mwezi uliopita, hata kama watoto wanasema hawakugusa kitu.

Tuanze na namna ya kuingia, kwa kuwa ndiyo inayotangulia mengine yote. Kundi kubwa kuliko yote ni Wazamiaji. Hawakununuliwa wala hawakualikwa. Waliingia wakiwa mayai, ndani ya tone la ute mwangavu lililobandikwa chini ya jani la mmea ulionunuliwa Nakuru, wakapanda matatu bila nauli hadi Molo. Baada ya wiki kadhaa mwenye tangi anaona nukta kwenye kioo. Anaifuta. Kesho yake nukta ni tano, na zinatembea. Koo mbili ndizo hushinda katika kundi hili. Wa kwanza ni Kibofu, Physella acuta, mzaliwa wa Amerika ya Kaskazini ambaye sasa yuko karibu kila bara: mdogo, wa kahawia, mwepesi wa mwendo kwa kiwango cha konokono. Wa pili ni Pembe-Kondoo, mwenye kombe bapa lililojiviringa, na katika mji ambao nyama ya kondoo ndiyo iliyoutangaza, hakuna haja ya mchoro. Pembe-Kondoo ana himoglobini katika damu yake kama sisi, tofauti na konokono wengi ambao damu yao inabeba oksijeni kwa shaba. Wale wekundu wanaouzwa kwa bei ya juu ni Pembe-Kondoo waliokosa rangi nyeusi mwilini, hivyo wekundu unaoonekana ni damu yenyewe.

Koo zote mbili ni huntha: kila mmoja ni dume na jike, na mmoja peke yake anatosha kuanzisha ukoo. Ndiyo maana swali la kawaida la mwenye tangi, «sasa huyu alimpata nani?», halina nafasi katika elimu hii. Swali linalofaa ni nani anamwaga chakula. Tangini wingi wa Wazamiaji hufuata mabaki: samaki wakilishwa kidogo, konokono hubaki wachache, mtoto akilisha asubuhi, mama mchana, na mgeni jioni kwa kuwa inafurahisha kuona samaki wakipanda juu, basi idadi itapanda nayo. Dawa ya kuua konokono haina kazi hapo. Inaua waliopo, maiti zao zinaoza na kuchafua maji, na mayai yaliyosalia yanaanguliwa mezani pa karamu.

Kundi la pili ni Walionunuliwa. Hawa wana risiti. Anayependeza kuliko wote ni yule mwenye mistari kama punda milia, wa jamii ya Neritina, ambaye ndugu zake wanaishi kwenye midomo ya mito na mikoko ya pwani yetu hadi Afrika Kusini. Ni mfanyakazi hodari wa kulamba mwani kwenye kioo. Hutaga vidonge vyeupe vinavyofanana na simsim juu ya mawe na mbao, na vidonge hivyo havitaanguliwa kamwe katika maji baridi, kwa kuwa vitoto vyake vinahitaji maji yenye chumvi vianze maisha. Kwa mtu anayeogopa Wazamiaji, huyu ndiye konokono wa heshima: anazaa kwa nadharia tu. Mwingine ni Melanoides tuberculata, mrefu na mwembamba, anayezaa watoto hai na kwa kawaida bila dume, na kushinda amejifukia mchangani. Dukani anasifiwa kuwa ametoka Malaysia. Anaishi pia katika maziwa ya Afrika Mashariki, lakini wa ziwani hana sanduku lenye picha. Faida yake ni kwamba akionekana mchana kutwa akipanda kioo pamoja na jamaa zake wote, chini ya mchanga kuna kitu kinaoza.

Kundi la tatu ni Waliookotwa, na hapa mpangaji anavaa miwani. Mtoto akirudi kutoka bwawani na konokono ndani ya mkebe wa Kimbo, shika kombe ncha ikielekea juu na mdomo ukikutazama. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, na kombe halina kifuniko, huenda ni jamii ya Lymnaea. Jamii hiyo ndiyo inayobeba minyoo ya ini, na mfugaji wa kondoo wa nyanda hizi anaifahamu jamii hiyo bila kuwahi kuiona. Anachokiona ni ini kwenye meza ya kichinjio, mkaguzi anapopasua mirija yake iliyokakamaa na minyoo bapa, myembamba kama jani, inateleza nje. Mdomo ukiwa kushoto, kuna uwezekano wa aina mbili: Kibofu, ambaye hana hatia, au Bulinus, mbebaji wa kichocho cha mkojo. Na yule bapa anaweza kuwa Pembe-Kondoo wa dukani au Biomphalaria, mbebaji wa kichocho cha matumbo. Ni Robert Leiper aliyethibitisha huko Misri mwaka 1915 kwamba konokono hawa ndio njia ya kimelea kufika kwa binadamu, na tangu hapo jamii nzima ya konokono wa maji baridi imekuwa ikijibu mashtaka ya wachache.

Ubaridi wa Molo hauwapendezi wabebaji wa kichocho, lakini matatu inakwenda kila mahali, na mkebe uliojazwa kwenye mfereji wa Mwea au ufukweni Kisumu unafika hapa salama. Kanuni ni fupi: konokono aliyetoka kwenye maji ambamo watu wanaoga, wanafua au wananywesha ng'ombe haingii tangini. Wale wanaozaliwa tangini hawana shida, kwa sababu kimelea hakirithiwi kupitia yai. Lazima kila konokono aambukizwe upya na maji yaliyoingiwa na kinyesi au mkojo wa mgonjwa. Wanasayansi waliwahi hata kumtazama Pembe-Kondoo wa Florida kwa matumaini: miaka ya 1980 walimchunguza katika mifereji ya umwagiliaji kaskazini mwa Tanzania waone kama angemsukuma Biomphalaria nje.

Sasa kombe. Konokono hulijenga ukingoni mwa mdomo, mstari baada ya mstari, kwa kalsiamu ya maji na ya chakula. Ncha ni utoto, ukingo ni jana. Kwa hiyo kasoro zina tarehe. Ncha iliyochakaa na kuwa nyeupe huku ukingo ukiwa mzuri ina maana kwamba maji yalikuwa mabaya zamani, au kwamba duka lilimtesa kabla yako. Ukingo mwembamba unaopinda ukiguswa ni habari ya wiki hii. Mfereji mmoja mzito unaozunguka kombe ni kusimama kwa ukuaji: safari, baridi kali, au njaa wakati familia ilikwenda mashambani Desemba.

Katika Molo ugonjwa wa kawaida wa kombe unatoka mbinguni. Maji ya mvua hayana madini karibu yoyote, na hewa ya kawaida tu inayafanya yawe na asidi kidogo, pH ikizunguka 5.6. Maji hayo ni matamu kwa chai na ni laini kwa kufulia, lakini konokono akiishi ndani yake yanamwibia kombe polepole, hadi mashimo meupe yanatokea na ncha inapasuka. Mabati mapya yanaongeza zinki, kwa hiyo mvua za kwanza baada ya kuezeka ziende kwenye ndoo za kudeki. Mwenyeji wa bonde la chini, anayechota kisimani, ana shida nyingine: maji ya visima vingi vya ukanda huo yana floraidi nyingi, jambo ambalo meno ya wenyeji yanashuhudia, ila kombe la konokono wake mara nyingi ni zuri kuliko la Molo.

Tiba si ya gharama. Maganda ya mayai yachemshwe, utando wa ndani utolewe, yasagwe na kutiwa katika kitambaa cheupe ndani ya mashine ya kuchujia. Mfupa wa ngisi, ule mweupe unaookotwa ufukweni Pwani, unafaa vilevile, na kipande cha mawe ya chokaa chini ya tangi kitafanya kazi miaka mingi bila kudai chochote. Lengo ni pH juu kidogo ya 7. Mboga ni sukuma wiki iliyochovywa kwenye maji ya moto mpaka ilegee, ikatolewa kesho yake kabla haijaoza. Ila kwanza ujue imetoka shamba gani, na hilo linatufikisha kwenye shaba.

Molo ina mazao mawili yaliyoijengea jina mashambani, viazi na pareto, na kila moja lina sumu yake, na kila sumu ina saini yake tangini. Nimeona ni vyema saini hizo zipewe hadhi ya kanuni.

Kanuni ya Pareto: samaki wamekufa, konokono wanaendelea kulamba kioo kama kwamba hawakusikia. Hapo chunguza kilichonyunyiziwa chumbani. Pirethrini, dawa inayotoka kwenye maua hayo meupe, na zile zilizotengenezwa kwa mfano wake, humlegeza mbu lakini ni hatari kubwa kwa samaki hata kwa kiasi kidogo sana. Konokono kwa kawaida huvumilia zaidi. Mtu aliyepuliza dawa ya mbu na kisha kuwasha pampu ya hewa ameisukuma dawa hiyo moja kwa moja majini.

Kanuni ya Viazi: konokono wamekufa au wamejifungia ndani, samaki wanaogelea kwa furaha. Hapo chunguza shaba. Baadhi ya dawa zinazonyunyiziwa viazi dhidi ya ule ugonjwa unaochoma majani wakati wa mvua na ukungu unapoingia, ni za shaba, na shaba humwua konokono kwa kipimo ambacho samaki hakihisi. Mstari wa mashtaka ni mfupi: ndoo iliyochanganyiwa dawa asubuhi, ikasuuzwa mara moja, ikatumika jioni kubadilishia maji ya tangi. Au mkono wenyewe, uliotoka kwenye pampu ya mgongoni, ukaingia tangini kunyoosha mmea. Hata dawa za samaki za kutibu madoa meupe wakati mwingine ni za shaba, na maandishi yake ni madogo. Soma maandishi.

Kwa mfugaji wa kondoo habari hii isingekuwa ngeni. Katika mifugo yote ya nyumbani, kondoo ndiye asiyestahimili shaba. Ini lake hulimbikiza bila kutoa, na chumvi ya madini ya ng'ombe inaweza kumwua. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, ulitumika kwa miaka mingi kuoshea kwato za kondoo zenye kuoza, na pia ulimwagwa kwenye malisho yenye majimaji ili kuua konokono wa minyoo ya ini. Kondoo na konokono wamesimama pamoja upande mmoja wa chupa hiyo ya buluu. Mwaka 1885 Pierre-Marie-Alexis Millardet, profesa wa Bordeaux huko Ufaransa, alitangaza mchanganyiko wake wa kuokoa mizabibu, ambao baadaye uliokoa viazi pia: mrututu na chokaa. Nusu moja ya mchanganyiko huo ni ile inayojenga kombe, na nusu ya pili inamwua aliye ndani. Sijui kama katika kemia ya kilimo kuna ndoa yenye dhihaka kubwa kuliko hiyo.

Ethiopia walipata njia nyingine. Mwaka 1964 Aklilu Lemma, akiwa Adwa, aliona konokono waliokufa mtoni pale wanawake walipokuwa wakifulia kwa matunda ya endodi, mmea ambao jina lake la kitaalamu ni Phytolacca dodecandra na unaota katika nyanda za juu za Kenya pia. Povu lake ni sabuni kwa nguo na kifo kwa konokono. Kwa hiyo mtu anayeosha tangi kwa sabuni yoyote, hata ya asili, hata iliyosifiwa na Shosho, ajue historia imeshaandikwa.

Tabia zinahitaji mgawanyo wao, lakini si mrefu. Wapandaji ni wale wanaokimbilia juu ya ukingo wa maji na kukaa hapo. Wakiwa wachache, wanavuta hewa: Kibofu na Pembe-Kondoo wana pafu, na Molo, ambako shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya la Mombasa, hakuna ajabu kuwaona juu mara kwa mara. Wakipanda wote kwa pamoja, tangi lina amonia, kwa kawaida kwa sababu ni jipya na bakteria wa kuichakata hawajakaa, au kwa sababu mtu ameosha sponji ya kuchujia kwa maji ya bomba yenye klorini na kuwaua wote. Waeleaji, wanaozunguka juu ya maji, mara nyingi wana hewa tu ndani ya kombe na watashuka wenyewe. Waliojifungia ni wenye kifuniko tu, na wanaweza kukaa hivyo siku nyingi kwa hasira ya baridi. Waliokatwa pembe ni wahanga wa samaki wa dhahabu, ambaye ndiye anayefaa Molo kwa kuwa hahitaji hita, lakini anadhani kila kitu chembamba kinachotikisika ni mnyoo. Pembe humea tena.

Joto ni shughuli ya hesabu. Tangi likiwa nyuzi 25, konokono wengi wa dukani hula sana, hukua haraka, huzaa sana na kufa mapema. Likishuka hadi 16, kila kitu kinapungua, hata kifo. Kinachoua ni kupanda na kushuka: nyuzi 25 jioni, stima ikapotea, 13 alfajiri. Mwenye tangi lisilo na hita anayeishi Molo kwa hiyo huwa na konokono waliotulia zaidi kuliko jirani yake mwenye hita na bili. Safari kutoka Nakuru ni ya kupanda karibu mita 650, na mkebe wenye maji ya duka lenye joto uachwe sebuleni ukipoa taratibu, kisha maji ya tangi yaongezwe kidogo kidogo kwa kikombe.

Lipo pia kundi la Wafu, ambalo lina matawi mawili: wafu wa kweli na wafu wa kusingiziwa. Wa kusingiziwa ni konokono aliyelala kifudifudi bila kusogea tangu juzi, akazikwa chini ya mti na mwenye huruma wa kwanza, yaani mtoto mdogo wa nyumba. Kabla ya mazishi mtoe majini na umnuse. Konokono aliyekufa ana harufu ambayo hakuna mtaalamu aliyewahi kuikosea, na kifuniko chake kikivutwa hakina upinzani. Asiyenuka, mrudishe kwenye bakuli la maji safi mpaka kesho.

Kuna jamii moja ambayo jedwali hili linaiweka mlangoni bila kuifungulia: konokono-tufaha, Pomacea, mkubwa wa dhahabu, mwenye kutaga mafungu ya mayai ya waridi juu ya usawa wa maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alipelekwa Asia kama chakula, akageuka kula mpunga. Alipovamia mashamba ya delta ya mto Ebro, Uhispania, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku jenasi nzima mwaka 2012. Mwaka 2020 aligunduliwa Mwea, kwenye mpunga wa Kirinyaga. Biashara ya matangi ya nyumbani ni mojawapo ya njia zake za kusambaa duniani. Anayekuuzia mmoja na kusema ni mtulivu anasema kweli. Wote ni watulivu wakati wa kuuzwa. Ukiona mayai ya waridi, si mapambo: yakwangue, yaponde, uwaarifu wakaguzi wa afya ya mimea wa KEPHIS.

Kwa hiyo hakuna tangi linalomwagwa mtoni. Mto Molo unateremka hadi Ziwa Baringo, na kila kinachoachiliwa hapa kina njia ya maji hadi huko. Kaunti ya Nakuru ilishaonja jambo hili: kamba wa maji baridi kutoka Louisiana waliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, wakapata makazi, wakala mimea ya majini karibu yote katika vipindi vya wingi wao. Kwa kweli wanakula konokono pia, na watafiti Wakenya wamewafikiria kama askari dhidi ya kichocho, lakini hakuna aliyeweza kuwaambia waishie hapo.

Konokono waliozidi nyumbani wanakusanywa kwa jani la sukuma wiki lililowekwa chini usiku na kutolewa asubuhi likiwa limejaa. Maji ya moto yanawaua mara moja, kisha wanapondwa na kutupwa kwa kuku, kombe na yote, kwani kalsiamu hiyo ndiyo wanayoitafuta ili wawe na maganda magumu. Kibofu, Pembe-Kondoo, wenye mdomo wa kulia na wa kushoto, wenye risiti na wasio nayo: kuku wa Molo, ambao hawajasoma jedwali hili, wameshawaweka wote katika kundi moja, kama Linnaeus.